Nyumba Iuzwe, Udongo Ubaki: Mwongozo wa Kuanzisha Amana ya Ardhi ya Jamii Uganda

Ukishuka kutoka mjini Jinja kwenda Masese, kabla hujafika mwaloni kwa akina mama wanaoanika mukene, yaani dagaa wa ziwani, unapita mizigo iliyopangana pande zote mbili za njia. Muzigo kwetu Uganda ni chumba cha kupanga: mlango mmoja, dirisha moja, pazia la kutenganisha kitanda na jiko. Nimeishi katika chumba cha namna hiyo miaka kumi na moja. Siku mwenye kiwanja alipouza, familia kumi na nne tulipewa mwezi mmoja wa kuhama. Jirani yangu alikuwa ametia sakafu ya simenti kwa pesa zake mwenyewe. Akaiacha pale pale, sakafu haibebeki. Watoto wake wawili walibadilisha shule katikati ya muhula.

Baadaye nilijiunga na kikundi cha akiba, na kwa miaka kadhaa sasa nakaa na vikundi vinavyotaka kununua ardhi kwa pamoja. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza tukiwa tumekaa mkekani na daftari limefunguliwa.

Kilichotuhamisha pale hakikuwa nyumba. Vile vyumba vilikuwa vimechakaa, mabati yana kutu, na aliyenunua alivibomoa vyote ndani ya wiki. Alichokitaka ni udongo ulio chini yake. Nyumba huchakaa kila mwaka, ardhi ya mjini hupanda kila mwaka, na huko kupanda ndiko kunakomsukuma maskini nje ya mji. Amana ya ardhi ya jamii inakata fundo hilo: ardhi inashikwa na chombo cha jamii na haiuzwi kamwe, lakini nyumba iliyo juu yake ni mali ya familia. Familia inaishi, inarithisha, na ikitaka kuondoka inauza nyumba kwa bei iliyokubaliwa tangu siku ya kwanza. Anayeingia naye anaikuta nyumba ya bei anayoiweza.

Waislamu wa Bombo, Kibuli na Oli kule Arua hawahitaji maelezo marefu. Wanaijua habari ya Sayyidna Umar na shamba lake la Khaybar: asili izuiwe, matunda yatumike, lisiuzwe, lisirithiwe, lisitolewe zawadi. Amana ya ardhi ni jamaa wa karibu wa wakfu. Tofauti ni kwamba wakfu huwekwa na mwenye mali na kusimamiwa na mutawalli, na hapa wanaokaa juu ya ardhi wamo ndani ya baraza linaloisimamia.

Mfumo wenyewe kwa jina hili ulianza Marekani mwaka 1969, katika jimbo la Georgia. Wakulima weusi waliokuwa wakifukuzwa mashambani kwa sababu ya kudai haki ya kupiga kura waliunda New Communities, wakanunua ekari zipatazo 5,700. Mwaka 1985 waliipoteza ardhi yote kwa sababu ya ukame na madeni. Liweke kichwani hilo la madeni, tutalirudia. Mwaka 1984 mji wa Burlington katika jimbo la Vermont ulianzisha amana ya nyumba za mjini, na leo mrithi wake, Champlain Housing Trust, anasimamia nyumba zaidi ya elfu mbili. Karibu nasi zaidi, miaka ya 1990 wakazi wa Tanzania-Bondeni, mtaa wa mji wa Voi nchini Kenya, walichagua njia hii walipokuwa wakirasimisha makazi yao. Kenya haikuwa na sheria ya kitu hicho, kwa hiyo nyaraka zao zilishonwa kwa vipande vya sheria mbalimbali, na kazi hiyo ilikula muda mwingi.

Na kwa nini tusigawane tu viwanja, kila mtu na hati yake? Swali hili huulizwa katika kila kikao, na jibu langu ni Namuwongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ilianza mradi wa kuboresha mtaa ule wa Kampala kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Viwanja vilipimwa, barabara zikachongwa, thamani ikapanda. Wengi waliopewa viwanja waliuza kwa wenye uwezo, wakateremka bondeni kuelekea njia ya reli kuanza upya kwenye tope. Siwalaumu hata kidogo. Mtoto akiugua, au ada ikidaiwa, na mtu amesimama mlangoni na pesa mkononi, utauza. Mradi ulimpa kila mmoja kitu cha kuuza, haukuweka kitu chochote kisichouzika.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya kiwanja

Vikundi vingi huja na dalali mkono mmoja na picha ya kiwanja kwenye simu mkono wa pili. Rudisheni simu mfukoni. Anzeni na akiba, hata ya shilingi elfu moja kwa siku, na mwendeshe daftari kwa mwaka mzima kabla ya kutafuta ardhi. Shirikisho la wakazi wa mitaa duni Uganda limekua kwa njia hii tangu 2002: akiba ya kila siku, na wakazi kujihesabu wenyewe nyumba kwa nyumba.

Pesa za mwaka wa kwanza hazitatosha kununua hata robo ya kiwanja, najua. Daftari linafanya kazi nyingine. Linawaonyesha ni nani anayekuja siku ya mvua, nani anayeomba radhi mapema akikosa, na kama mweka hazina anaweza kusoma hesabu mbele ya watu bila kukasirika akiulizwa. Hawa ndio mtakaoshikana nao miaka hamsini.

Katika mwaka huo huo jihesabuni. Andikeni kila familia ina watu wangapi, inalipa kodi kiasi gani kwa mwezi, inaishi kwa kazi gani na mbali kiasi gani na kazi hiyo. Muuza mukene hawezi kuhamishiwa kilomita kumi na tano kutoka ziwani, hata ardhi ya huko iwe bei ya bure. Lengeni wanachama 30 au zaidi, kwa sababu hiyo ndiyo idadi ya chini ya kusajili chama cha ushirika cha msingi nchini kwetu.

Hatua ya pili: ijueni ardhi mnayoikanyaga

Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema ardhi ya Uganda ni ya raia, na inaitambua milki ya aina nne: ya kimila, ya kudumu, ya mailo (milki ya kudumu yenye asili ya Buganda), na ya kukodi kwa muda. Jinja na Busoga hatuna mailo, lakini msomaji wa Kampala, Wakiso au Bombo anaishi juu yake, na huko ndiko watu wengi wanakoumia. Unaweza kununua kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mwenye mailo, ukajenga, ukalipa busuulu, ile ada ya mwaka kwa mwenye ardhi, na kyapa, yaani hati yenyewe, kikabaki kwa mtu mwingine. Ukinunua kibanja bila mwenye mailo kuhusishwa, umenunua kesi. Sheria ya Ardhi inataka anayeuza kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua, na vilevile mwenye ardhi akitaka kuuza ampe nafasi ya kwanza mwenye kibanja aliye halali. Vikundi vingi havijui hili la pili. Kama nyinyi ni wenye vibanja katika eneo moja na mwenye mailo anatafuta mnunuzi, hapo ndipo mlango ulipo wazi: nunueni kwa pamoja ile haki yake, na milki mbili zilizokuwa zikigombana zikutane mikononi mwa amana.

Nendeni ofisi ya ardhi ya kanda na namba ya bloku na ploti, muombe uchunguzi wa hati. Msiridhike na nakala aliyonayo muuzaji. Someni jina la mwenye hati, kama kuna rehani ya benki, kama kuna kaveati, yaani zuio lililoandikishwa kwenye hati, na kama ni ya kukodi, imebaki miaka mingapi. Nimeona kikundi kikilipia ardhi ambayo mkataba wake ulikuwa umebakiza miaka minne. Kisha leteni mpimaji mwenye leseni afukue mawe ya mpaka mbele ya majirani wote. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya kijiji au mtaa, awepo, lakini wazee wa mtaa wawepo zaidi, maana wenyeviti hubadilika. Muuzaji akiwa na mke au mume na ardhi hiyo ndiyo inayowalisha au kuwalaza, sharti mwenzi aridhie kwa maandishi. Sahihi ya mume peke yake itawarudia mahakamani.

Kwa sisi wa kando ya maji kuna jambo moja zaidi. Ukanda wa mita 200 kutoka Ziwa Victoria unalindwa kisheria, na ardhioevu zote serikali inazishika kwa niaba ya wananchi. Ardhi ya bei rahisi kupita kiasi mara nyingi iko huko, na hati yake, hata ikiwa na muhuri, inaweza kufutwa.

Halafu pigeni hesabu ya nafasi. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, yaani desimali mia moja. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinakula karibu desimali kumi na moja na nusu. Ukitoa njia na mitaro, ekari moja inawapa viwanja sita au saba vya ukubwa huo. Familia 30 zitahitaji ekari nne na zaidi. Zikijenga nyumba za mstari zinazoshirikiana kuta, ekari moja na nusu hadi mbili inaweza kutosha. Mimi napendelea za mstari, ingawa wazee hupinga mwanzoni kwa sababu wanataka ua wa kupanda matooke. Muulizeni afisa mipango wa mji mapema, kwa kuwa tangu Sheria ya Mipango ya 2010 nchi nzima ni eneo la mipango na ramani zisizopitishwa hubomolewa.

Hatua ya tatu: chombo cha kushikia ardhi

Uganda haina sheria yenye jina la amana ya ardhi ya jamii. Tuna vyombo vinavyoweza kuibeba, na kazi yenu ni kuchagua.

Cha kwanza ni jumuiya ya ardhi ya pamoja chini ya Sheria ya Ardhi ya 1998. Kikundi kinaomba kwa msajili wa hati wa wilaya, mkutano unaitishwa, na asilimia 60 ya watu wakikubali, wanachagua viongozi wasiopungua watatu na wasiozidi tisa, angalau theluthi moja wakiwa wanawake. Ni chombo cha bei nafuu na kiliandikwa kwa ajili ya watu kama sisi. Udhaifu wake ni kwamba wanachama wengi wakikubaliana, ardhi inaweza kuuzwa. Leo hakuna atakayetaka. Baada ya miaka ishirini, kampuni ikija na bei inayomtajirisha kila mmoja, kura hiyo itapigwa.

Cha pili ni wadhamini waliosajiliwa, njia ileile inayotumiwa na misikiti, makanisa na shule nyingi. Hati inaandikwa kwa jina la wadhamini kama chombo, hivyo mdhamini akifa ardhi haiendi kwa watoto wake. Cha tatu ni kampuni isiyo ya hisa, inayosajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni. Cha nne ni chama cha ushirika, ambacho kinafaa sana kwa akiba, mikopo na ujenzi.

Ushauri wangu, na hapa nasimama imara, ni kutumia vyombo viwili. Ardhi ishikwe na wadhamini au jumuiya isiyofanya biashara wala kukopa. Ushirika uwe pembeni, ukusanye akiba, ununue tofali, ukope benki. Ushirika ukianguka kwa deni, mdai ataufuata ushirika na mali zake, na udongo utakuwa kwenye mkono mwingine. New Communities waliweka mkopo na ardhi kwenye kapu moja, na miaka kumi na sita ya jasho ikaondoka na deni.

Kisha tieni kufuli. Katika katiba ya chombo kinachoshika ardhi, andikeni maneno haya au yanayofanana nayo, mwanasheria ayavishe nguo za kisheria: «Ardhi ya amana hii haitauzwa, haitagawanywa kwa wanachama, haitawekwa rehani, wala haitatolewa zawadi. Amana ikivunjwa, ardhi itahamia kwa chombo kingine chenye kusudi hilihili, na hakuna mwanachama, kiongozi wala mrithi wao atakayepokea sehemu yake. Kifungu hiki hakibadilishwi ila kwa kura tisa katika kumi za wakazi, na kwa ridhaa ya kila kundi la baraza likipiga kura peke yake.»

Kufuli iliyo kabatini haimzuii mgeni, kwa hiyo ionekane kwenye rejesta. Mnufaika wa amana ana haki ya kuweka kaveati kwenye hati. Mtu yeyote akija kuchunguza hati hiyo, aikute.

Hatua ya nne: baraza la mafungu matatu

Desturi ya amana hizi duniani ni kugawa viti vya baraza katika mafungu matatu yaliyo sawa. Fungu la wakazi wa nyumba. Fungu la watu wa mtaa jirani, hasa wale walio kwenye orodha ya kusubiri nyumba. Fungu la wenye ujuzi na dhamana ya umma: mwalimu, fundi, mpimaji, mtu wa halmashauri, imamu au mchungaji.

Watu huniuliza kwa nini mtu asiyeishi pale apewe kura. Kwa sababu wakazi, tukiwa peke yetu, tuna sababu ya kufungua kufuli siku bei itakapopanda. Yule mama aliye bado kwenye muzigo akisubiri zamu yake hana sababu hiyo, na yeye ndiye mlinzi wenu. Viti vya wenye ujuzi vipigiwe kura na mkutano mkuu, na diwani asiwe mwenyekiti, hata kama ndiye aliyewasaidia kupata ardhi. Siasa ikigeuka, isigeuke na nyumba zenu.

Hatua ya tano: mkataba kati ya amana na familia

Amana inampa kila mwenye nyumba mkataba wa kukodi ardhi kwa miaka 49 au 99. Mkataba wowote unaozidi miaka mitatu kwenye ardhi yenye hati unapaswa kusajiliwa, usipitwe na hatua hiyo kwa kuogopa gharama. Na kama amana yenyewe imekodi kutoka bodi ya ardhi ya wilaya, mikataba ya familia lazima iwe mifupi kuliko ule mkuu.

Ndani yake yawemo haya: familia iishi yenyewe katika nyumba, na ikitaka kusafiri zaidi ya muda mliokubaliana iombe ruhusa ya kupangisha kwa kodi isiyozidi kiwango fulani. Ada ya ardhi ilipwe kila mwezi, ndogo lakini isiyosamehewa, maana ndiyo inayolipa mlinzi, mitaro na karatasi. Majina ya mke na mume yote mawili yaandikwe, na mama anayelea watoto peke yake aandikwe peke yake bila kaka wala mjomba kuongezwa «kwa usalama». Mtu akifa, mwenzi anaendelea kuishi bila ada mpya. Mtoto anayerithi anaendelea na mkataba akiishi pale, na akiwa na maisha yake Kampala au Juba anaiuzia amana nyumba kwa bei ya fomula (tutaieleza katika hatua ya sita), wanagawana pesa na nduguze kama mirathi yao inavyosema.

Mwanasheria ataandika kwa Kiingereza. Dai nakala ya Kiswahili, au ya Lusoga au Luganda kwa wanaoipendelea, isomwe kwa sauti kifungu kwa kifungu. Tuna sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma, ya tangu enzi za ukoloni, inayomtaka aliyeandika waraka aandike jina lake na kuthibitisha kwamba amemsomea na kumweleza anayetia kidole gumba. Katika kikao kimoja bibi wa miaka sabini na kitu alisimamisha usomaji kwenye neno «mpangaji». Akasema, «Mwanangu, mpangaji nimekuwa maisha yangu yote. Humu mnaniita nani?» Tukasimama dakika arobaini. Mwisho tukaandika «mwenye nyumba» kila mahali, na mwanasheria akakubali kwamba haibadilishi kitu kisheria. Kwa bibi yule ilibadilisha.

Hatua ya sita: bei ya kutoka

Ukisoma hatua moja tu, isome hii. Kubalianeni bei ya kutoka kabla mtu yeyote hajaingia, mkiwa bado hamna kitu na bado mnapendana. Ikisubiriwa hadi mtu wa kwanza anataka kuuza, mtagombana, na atakayeshinda ni soko.

Njia ya Burlington ni ya robo. Anayeuza anarudishiwa alicholipa, gharama ya maboresho yaliyoidhinishwa, na asilimia 25 ya ongezeko la thamani. Tuchukue mfano. Mama amenunua nyumba kwa shilingi milioni 20. Miaka tisa baadaye mthamini anasema ingeuzwa sokoni kwa milioni 52. Ongezeko ni milioni 32, robo yake ni milioni 8. Alijenga tangi la maji na veranda kwa milioni moja na nusu. Anaondoka na milioni 29.5, na familia inayoingia inalipa hizohizo. Milioni 22.5 zilizobaki hazikupotea: zimekaa ndani ya nyumba, na zitamsaidia kila atakayeingia baada yake.

Njia hii ina ugumu wake kwetu. Mthamini anagharimu, na watu hawamwamini mthamini. Pia inakokota bei kuelekea soko polepole, na soko la Jinja likiendelea kupanda, baada ya mauzo matatu au manne mpishi wa shule hataiweza tena.

Kuna njia nyingine ambayo nimeiona ikieleweka haraka zaidi kwa watu wanaojenga kidogo kidogo: hesabu kwa mifuko ya simenti. Siku ya kuingia, bei ya nyumba inagawanywa kwa bei ya mfuko mmoja siku hiyo. Tuseme mfuko ni 32,000, basi nyumba ya milioni 20 ni mifuko 625, na namba hiyo inaandikwa kwenye mkataba. Baada ya miaka kumi, tuseme mfuko umefika 45,000: mifuko 625 ni shilingi 28,125,000. Anayeondoka anaweza kujenga nyumba kama ileile mahali pengine, ndicho alichoweka na ndicho anachokichukua. Maboresho yanaongezwa kwa mifuko, uharibifu unapunguzwa kwa mifuko. Kila mtu anajua bei ya simenti, hakuna wa kumdanganya mwenzake. Ila simenti nayo huruka bei ikiadimika, kwa hiyo chukueni wastani wa miezi kumi na miwili kutoka maduka matatu, na baadhi ya vikundi huchanganya na mabati na nondo.

Mimi nachagua simenti. Kikundi chenye watu wa mishahara na mikopo ya benki kinaweza kuchagua robo. Vyovyote iwavyo, andikeni mfano uliopigwa hesabu kamili ndani ya mkataba, namba kwa namba.

Amana iwe na haki ya kununua kwanza ndani ya siku 90. Ikishindwa, mwenye nyumba amuuzie yeyote aliye kwenye orodha ya kusubiri kwa bei ileile ya fomula. Msimfunge mtu ndani ya nyumba, hiyo nayo ni dhuluma.

Hatua ya saba: benki

Benki zitasita, kwa kuwa zimezoea kushika kyapa. Zikubali kushika mkataba wa familia na nyumba peke yake, ardhi isiguswe. Katika kila mkopo wekeni sharti kwamba mkopaji akishindwa, benki inaijulisha amana wakati uleule inapomjulisha yeye. Sheria ya Rehani ya 2009 inampa mdaiwa siku 45 za kazi kurekebisha baada ya taarifa. Siku hizo amana izitumie: izungumze na familia, ilipe malimbikizo kutoka mfuko wa dharura, au inunue nyumba kwa fomula na kumaliza deni. Mfuko wa dharura uanze siku ya kwanza, hata kama ni shilingi elfu mbili kwa familia kwa mwezi.

Hatua ya nane: baada ya funguo

Watu hucheza ngoma siku ya funguo, na wanastahili. Wiki inayofuata amana inahitaji mtu wa kufungua ofisi. Orodha ya kusubiri ibandikwe ukutani, na kila jina liwe na tarehe. Mara moja kwa mwaka wajumbe wawili wapite kila nyumba, mmoja mkazi na mmoja wa mtaa jirani, waone paa, mitaro, na nani hasa analala pale. Mwenye nyumba akiwa na shida ya ada, aitwe kabla ya miezi mitatu kupita. Deni la miezi miwili linazungumzika.

Siku nyumba ya kwanza itakapouzwa, fanyeni hesabu hadharani. Itisheni mkutano, leteni mkataba halisi, mtu asome idadi ya mifuko, mwingine asome bei tatu za simenti kutoka risiti za maduka, kijana wa sekondari apige hesabu ubaoni na watoto wakitazama. Anayeondoka apokee pesa zake mbele ya watu, atie sahihi. Aliye juu ya orodha asimame apokee ufunguo. Halafu katibu aandike kwenye daftari lilelile la zamani, chini ya mstari wa mwisho: namba ya nyumba, tarehe, mifuko 625.